Dakika Tano za Sauti Moja

Mtoto wa miaka minne anamwonyesha mgeni shoka lililoegeshwa ukutani na kusema, "Soka la babu." Watu wazima waliopo watafanya moja kati ya mawili: watacheka na kumtaka arudie ili na wengine wacheke, au watamkazia, "Sema vizuri!" La kwanza ni la mzaha na la pili ni la ukali, ila yote mawili yanatoka kwenye dhana moja, kwamba mtoto hajasikia tofauti ya s na sh, au ameisikia na hajali. Mwaka 1960 Jean Berko na Roger Brown, wasomi wa saikolojia ya lugha nchini Marekani, walieleza kisa kinachoitia doa dhana hiyo. Mtoto mmoja alikuwa na samaki wa plastiki. Kwa Kiingereza samaki ni fish, lakini mtoto yule alimwita fis. Mtu mzima alipomwiga na kumwuliza kama huyo ni fis wake, mtoto alikataa: la, ni fis! Alipoulizwa kama ni fish wake, akaridhika: ndiyo, ni fis wangu. Sikio lake lilikuwa limeshaishika sh, ulimi ndio uliokuwa bado haujaifikia. Mtu anaweza kujua vizuri chapati ya mviringo inavyoonekana, na bado ya kwake ikatoka kama ramani. Kumwambia "tengeneza ya mviringo" hakumwongezei chochote mikononi. Ndiyo maana hoja ya mwongozo huu ni moja tu: mtoto anayekosea sauti anahitaji kuzoeza mwendo wa ulimi na midomo, na mwendo hupatikana kwa kurudiarudia mara nyingi, kwa muda mfupi, katika kiwango anachokiweza, mbali na mazungumzo ya kawaida. Mengine yote hapa chini yanafuata kutoka hapo.

Kabla ya kuanza, jiulize kama kuna tatizo. Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walikusanya tafiti za watoto wanaozungumza lugha 27 duniani na kukuta kwamba kufikia miaka mitano watoto walitamka sawasawa angalau asilimia 93 ya konsonanti za lugha zao. Sauti kama m, n, p, b na t huwahi. Zile zinazohitaji hewa ipenye kwenye mwanya mwembamba, kama s na sh, pamoja na r ya kupigapiga ulimi, huchelewa. Kwa Kiswahili tafiti ni chache, lakini upo mmoja uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watoto 24 wa Dar es Salaam wenye umri kati ya miaka mitatu na kukaribia sita, na picha yake ni ileile: irabu zimetulia mapema, konsonanti zinanyooka hatua kwa hatua kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo anayesema "atakua, ataacha" hajakosea kila mara. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "lafiki" badala ya rafiki hahitaji mazoezi yoyote, mwache. Msemo huo unakosea kwa mtoto wa miaka minne ambaye jirani au muuza duka hamwelewi mpaka mama atafsiri, na kwa mtoto wa miaka mitano ambaye makosa yake hayapungui. Kusubiri huko kuna gharama, kwa sababu watoto wanaoingia shuleni na matatizo makubwa ya matamshi wako kwenye hatari zaidi ya kupata shida ya kusoma, na kusoma Kiswahili huanza na silabi zilezile zinazomshinda kutamka.

Swali la pili la kujiuliza ni gumu zaidi kwetu kuliko kwa watu wa lugha nyingine: sawasawa kwa kipimo cha nani? Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni ya watu ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti zote za Kiswahili. Kikuyu hakina l, Kikamba hakina r, Kijaluo hakina sh. Watu wazima wengi wa bara husema "zahabu" na "selasini" bila kutikisika, na wanafanya biashara, wanahubiri na kuendesha mikutano. Hiyo ni lafudhi, wala si ugonjwa. Lengo la mazoezi ya nyumbani ni mtoto azungumze kama watu wanaomlea wanavyozungumza. Kama nyumba nzima husema "zahabu", kumkalisha mtoto wa miaka mitano afanyie mazoezi dh ni kumtesa bure. Ataichukua baadaye, shuleni au mtaani, akiihitaji kwa imla au kwa utangazaji wa redio. Mzazi ambaye mwenyewe huchanganya r na l anaweza kuuliza atafundishaje asichokiweza. Asifundishe. Achague sauti nyingine, ziko nyingi, na hiyo ya r na l amwachie shangazi, mwalimu wa chekechea au yeyote anayezitenganisha. Wala asikubali ushauri wa kuizima lugha ya nyumbani ili "mtoto asichanganyikiwe". Kuzungumza lugha mbili hakumharibii mtoto matamshi, na mtoto mwenye tatizo la kweli atalionyesha katika lugha zote mbili.

Lingine la awali ni masikio. Mtoto aliyewahi kutokwa usaha sikioni, anayeongeza sauti ya televisheni, au anayegeuka tu anapokuona uso, apimwe usikivu kwanza kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Mazoezi ya sauti asiyoisikia ni kazi ya bure kwenu wote wawili. Hapa pia ndipo wengi huelekea mdomoni mwa mtoto na wembe. Kukata kimeo hakuhusiani kabisa na matamshi, na kunaweza kumletea mtoto damu isiyokatika na maambukizi. Kuhusu kiuzi cha nyama kilicho chini ya ulimi, ushahidi kwamba kukikata hunyoosha matamshi ni dhaifu. Kama mtoto anaweza kugusa ufizi wa juu kwa ncha ya ulimi na kusema la, na, ta bila taabu, ulimi wake umefunguka vya kutosha kwa kazi ya kusema. Na kama kweli umefungwa, wa kuamua ni daktari. Yapo pia mazoezi yasiyo na madhara yanayowapotezea watu muda: kupuliza mapovu na maputo, kuchezesha ulimi kushoto na kulia, kunyonya kwa mrija. Yanapendeza kwa sababu yanaonekana kama kazi. Lakini wapitiaji wa tafiti hawajapata ushahidi wa kuaminika kwamba yanarekebisha sauti za usemi, na sababu inaeleweka: misuli hujifunza mwendo ule inaoufanya. Anayetaka mtoto aseme sh amzoeze sh.

Basi chagua sauti moja. Usichague inayokukera wewe, chagua inayowazuia watu kumwelewa. Mtoto anayegeuza kila k kuwa t, kiasi kwamba kuku ni "tutu" na kaka ni "tata", amepoteza maneno mengi sana kwa kosa moja, kwa kuwa k imejaa katika Kiswahili, kuanzia ku- ya vitenzi hadi ki- ya ngeli. Huyo aanze na k, hata kama pia hana r. R iwe ya mwisho. Ukiwa na sauti mbili zenye uzito sawa, mwambie akuige kila moja peke yake mara kadhaa, kisha anza na ile iliyojitokeza japo mara moja kwa bahati, maana mlango wake umeshafunguka kidogo.

Tuseme ni sh. Siku za kwanza mtoto asiseme kitu, asikilize tu. Chora au tafuta picha za shoka na mpira wa soka, za kasa na kasha, za mtu anayesuka nywele na mtu anayeshuka ngazi. Wewe unataja, yeye anagusa picha. Kisha mgeuze awe mwalimu: taja vibaya kwa makusudi, shikilia picha ya shoka useme "hili ni soka", umwache akukamate. Watoto hulipenda hili kupita kiasi, na ndilo linalokuonyesha kama tofauti ameishika. Akikukamata karibu kila mara, nendeni kwenye sauti yenyewe, peke yake bila irabu. Kwa sh midomo husogea mbele na kubana mviringo, ulimi hurudi nyuma kidogo kutoka pale unapokaa kwa s, na hewa hutoka pana na yenye joto kidogo kuliko ya s. Mwekee kiganja mbele ya mdomo aisikie. Sauti hii mtoto anaijua tayari, ni ile ya kumnyamazisha mtoto mchanga: shhh, mtoto amelala. Mlaze mwanasesere, au gunzi la hindi lililofungwa kitambaa, amnyamazishe mara 20. Kioo husaidia, kwa kuwa midomo huonekana. Kwa s ni kinyume: meno yakaribiane, midomo itanuke kama inayotaka kutabasamu, ulimi ubaki nyuma ya meno usichungulie nje.

Kupanda kutoka hapo, Kiswahili kimeturahisishia kazi kwa namna ambayo wazazi wa Kiingereza hawanayo. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na kila aliyepita darasa la kwanza anaikumbuka ile ngazi ya ba be bi bo bu. Itumie, ila usiifuate kwa mpangilio wa ubaoni. Kwa sh anza na shu na sho, kwa kuwa u na o huvuta midomo mbele pale pale sh inapotaka. Sha ifuate, halafu she, na shi iwe ya mwisho, maana i huitanua midomo na kumrudisha mtoto kwenye s. Kwa s geuza: si kwanza, su mwishoni. Silabi zikitulia, maneno mafupi yenye sauti hiyo mwanzoni: shoka, shuka, shati, shamba. Hapa mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unafanya kazi kwa niaba yako, kwani katika neno la silabi mbili sauti ya mwanzo ndiyo inayobeba mkazo na kusikika vizuri zaidi. Kisha sauti iwe katikati na mwishoni: mashine, kasha, kisha. Maneno yenye sh mbili, kama shusha, au yenye s na sh pamoja, kama safisha, yasubiri. Hayo yanamkwaza hata mtoto aliyekwisha kuielewa sauti.

Hatua ya sentensi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mtoto huitamka sauti vizuri kwenye picha na kuipoteza mara anapotaka kusema jambo lake. Mpe amri. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kufanyiza vyenye sh, na mtoto akipewa ruhusa ya kumtuma mtu mzima hachoki: washa taa, zungusha sufuria, angusha kijiti, rudisha kiti, amsha kaka. Wewe unatii anapotamka sh. Akisema "wasa" unasimama umeduwaa, unangoja. Usimkemee, wala usimrudishie kosa lake kwa kejeli. Mara nyingi atajirekebisha mwenyewe, na kujirekebisha huko kuna thamani kuliko masahihisho yako kumi.

Sauti nyingine zina hila zake. Kwa k, tatizo ni kwamba ncha ya ulimi inapanda wakati inayotakiwa kupanda ni nyuma. Mtoto alale chali kitandani, ulimi wenyewe utateremka nyuma. Au aweke kidole chake kilichooshwa kwenye ncha ya ulimi aishikilie chini huku akijaribu ka. Akisema ta, atakuta kidole kinamzuia. Anza na ka, ko na ku, ki ije baadaye, na kwa mchezo wa kusikiliza tumia taa na kaa. F na v ni nyepesi, meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, na zinaonekana kwenye kioo. Kwa r ya Kiswahili, ambayo wengi wetu huipiga mara moja tu kwenye ufizi, njia ya kawaida ni kupitia d nyepesi: ada-ada-ada, haraka na kwa ulegevu, mpaka d iyeyuke kuwa ara. Mtoto asiyeweza l asipelekwe kwenye r.

Kuhusu muda, dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha, na zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Melissa Allen alichapisha mwaka 2013 utafiti uliofanywa kwa watoto 54 wa chekechea wenye matatizo ya matamshi: waliopata tiba mara tatu kwa wiki kwa wiki nane walipiga hatua kubwa kuliko waliopata tiba ileile mara moja kwa wiki, ingawa idadi ya vipindi ililinganishwa. Kilichowatofautisha ni ukaribu wa vipindi. Katika dakika hizo tano hesabu matamshi, usihesabu dakika. Mtoto akiitamka sauti lengwa mara 50 mmefanya kazi, akiitamka mara sita huku mkibishana kuhusu rangi za penseli hamjafanya. Kanuni ya kupanda na kushuka wanayoitumia wengi katika fani hii ni rahisi: akipata nane kati ya kumi, panda ngazi; akipata chini ya tano, shuka, wala usione haya kurudi kwenye silabi. Mwanzoni mweleze kila jaribio, na ueleze mwendo: "midomo mbele", "ulimi umetoka nje". "Vizuri" peke yake haimwambii alichokifanya. Baada ya siku kadhaa punguza maelezo, mwulize yeye: hiyo ilikuwa sh au s? Asiyejisikia mwenyewe ataitamka sauti mbele yako tu.

Kuna atakayesema dakika hizo hazipo, kwamba anatoka kazini usiku na mtoto ameshalala. Hoja hii ni ya kweli katika nyumba nyingi, na jibu lake ni kwamba si lazima mwalimu awe wewe. Bibi, dada wa kazi, au kaka wa miaka kumi anaweza kuendesha mchezo wa picha akionyeshwa mara mbili tatu, mradi aambiwe jambo moja: hakuna kucheka. Wengine watasema hii ni kazi ya wataalamu. Mwaka 2003 mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio ya tiba kwa watoto wenye ucheleweshaji wa usemi na lugha, hayakukuta tofauti kubwa kati ya tiba iliyotolewa na wataalamu na ile iliyotolewa na wazazi. Uzito uko kwenye neno moja: wazazi hao walikuwa wamefundishwa. Ukiweza kumpata mtaalamu hata mara moja akakuonyesha pa kuanzia, kazi ya nyumbani itakuwa na mwelekeo.

Nje ya dakika hizo tano, acha kusahihisha. Hapa ndipo ninapotarajia ubishi mkubwa, kwa sababu inaonekana kama ulegevu: asiposahihishwa si atadhani yuko sawa? Mtoto wa fis ameshatujibu. Anajua, na mtoto anayekatizwa kila sentensi hujifunza kuchagua maneno yasiyo na sauti ngumu, au kunyamaza mbele ya wageni. Ukimjibu alichosema huku ukimrudishia neno likiwa zima, unampa masahihisho bila kumpokonya mazungumzo. Akisema "soka la babu", mjibu, "Eeh, shoka la babu. Shoka hilo lina makali, eti? Tulirudishe shoka stoo." Amelisikia mara tatu ndani ya maana, na hajaombwa kurudia. Akirudia mwenyewe, vema. Vilevile acheni kumwiga kitoto nyumbani kwa kuwa kinafurahisha. Akisikia "soka" kutoka kwa kila mtu mzima anayempenda, mmempunguzia sababu ya kuhangaika na sh.

Yapo yasiyofanyiwa kazi nyumbani peke yake. Mtoto wa miaka miwili asiye na maneno, anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, anayekosea hata irabu, anayeacha konsonanti za mwanzo za maneno mengi, anayetoa sauti puani, au anayetamka neno lilelile kwa namna tofauti kila mara, apelekwe kwa mtaalamu. Kigugumizi ni jambo jingine kabisa, mazoezi haya hayakihusu. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha bado ni wachache Afrika Mashariki. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Nchini Kenya pa kuanzia ni vituo vya tathmini ya watoto vijulikanavyo kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Kwingineko omba rufaa ya hospitali kubwa ya mkoa au ya taifa kupitia idara ya masikio, pua na koo. Ukishapata miadi, usiende mikono mitupu, kwa kuwa watoto wengi hufunga mdomo mbele ya daktari. Mrekodi kwa simu nyumbani dakika tatu akizungumza na mwenzake bila kujua, andika maneno kumi anayoyakosea kama anavyoyatamka, na uandike ni sauti gani mmeifanyia mazoezi, tangu lini, na ni ngazi gani aligoma kupanda.